Kwa Nini Bibi Anaingia Bwawani

Kamwene mjukuu wangu Vumilia,

Hapa Kalenga tu wazima. Babu yako anavuna mahindi, na goti langu limepungua kuuma. Huko Mbeya vaa sweta.

Umeuliza kama ni kweli naingia kwenye bwawa la kuogelea Iringa mjini. Ni kweli. Mtaalamu wa mazoezi anatutembeza majini wazee sita, huku tukihesabu kutoka hamsini kurudi chini. Anasema inasaidia na kichwa, tusiwe wasahaulifu. Nilikubali upesi kwa sababu ya bibi yangu.

Nilipokuwa msichana alishaanza kusahau, akiniita kwa jina la marehemu dada yake. Siku moja tukifua mtoni, aliingia majini akaanza kutembea kuufuata mto juu. Nikamkimbilia kwa hofu, nikamshika kiuno. Akacheka, akataja watoto wake wote tisa kwa kufuatana, kisha akanitazama.

"Na wewe ni Semeni. Mbona unalia?"

Tulipotoka alisahau tena. Sijui kama ni maji yaliyofanya vile. Ila tangu siku hiyo nilimpeleka mtoni kila jua lilipowaka, na mara nyingine aliniita Semeni.

Mungu akutunze, mama.

Bibi yako