Majina Arobaini na Sita ya Soko la Koboko

Arua, 3 Juni 2025

Mama mpendwa,
Asalaam aleikum. Mimi mzima, mgongo wako je? Hapa uwanja wa ndege tuna habari: kampuni ya ndege za nauli nafuu inatutazama. Tumekubali kuwapunguzia ushuru wa kutua mwaka wa kwanza. Limebaki swali moja: viti vitajaa? Kwa nauli ndogo, viti vitupu vinawaumiza. Nikusanyie majina na simu za wafanyabiashara wenu wanaokwenda Kampala. Dada Night anajifungua huko Kampala Agosti, nawe kwa mgongo huo safari ya basi huiwezi tena. Nataka umwogeshe mtoto kwa mikono yako.
Mwanao, Hakim

Koboko, 10 Juni

Hakim mwanangu,
Aleikum salaam. Mgongo ni mkaidi kama marehemu baba yako. Nimepata majina arobaini na sita, langu la kwanza. Wote wanasema watakwenda kwa ndege, magunia yarudi kwa basi. Ondoga wa teksi anakuletea karatasi. Usiipoteze, nakujua.
Mama yako

Arua, 28 Juni

Mama,
Salamu, ingawa nimekasirika. Kampuni ilipiga simu zote. Kamisi wa vitenge alisema hajawahi kuuza kitenge. Keji, jirani yenu wa sokoni, alisema haijui Koboko. Na wewe, Mama! Wameandika: "Jalia, amefariki." Sasa wanadhani tumebuni majina. Watafika tarehe kumi Julai, labda kutuaga tu.
Hakim

Koboko, 2 Julai

Mwanangu,
Nisamehe. Aibu imenifanya chai inishinde. Wewe ulizaliwa baada ya yale. Serikali ilipopinduliwa, wanajeshi wapya waliwasaka askari wa zamani, wakaja na karatasi ya majina. Aliyeitika hakurudi. Baba yako, naye askari, alipona kwa sababu nilisema, "Huyo mutu alikufa, haiko." Tangu hapo sauti ngeni ikiuliza jina, midomo yetu sote inakana yenyewe. Tarehe kumi wasipige simu. Tutakuja wenyewe.
Mama yako

Arua, 12 Julai

Mama,
Hujambo? Bado nacheka. Watu arobaini na wanne kati ya wale arobaini na sita, na mabegi, mmejipanga mbele ya ofisi! Yule mama wa kampuni aliiweka karatasi kando, akahesabu vichwa. Ndege zinaanza Agosti, mara mbili kwa wiki. Tiketi yako ninayo.
Mwanao, Hakim

Kampala, 21 Agosti

Hakim wangu,
Sote wazima. Night amejifungua msichana, nami nimemwogesha. Ngoja nikuambie ya Arua, baada ya wewe kuniacha mlangoni. Walituita kwa karatasi. "Jalia!" Nikatazama mlangoni. "Jalia!" Miguu ikataka kurudi Koboko. Nikamfikiria mtoto. Mara ya tatu nikasema kwa nguvu, "Niko!" Watu wakageuka. Nikalia mpaka ndani ya ndege, na hakuna aliyenicheka.

Night amempa mtoto jina langu. Nikimwita, anageuza kichwa.
Mama yako, Jalia