Tarumbeta za Ujerumani

Nzembi uko hapo? Mimi nimekwisha.

Unajua binti yangu Celine alipanga nikienda kumwona mtoto wake tuzunguke Ujerumani polepole, mji kwa mji, kijiji kwa kijiji, wakati wa sherehe zao. Akanitumia video. Watu wamevaa sare, wanapiga tarumbeta na ngoma barabarani. Nikajua ni kanisa la sare kama letu. Hapa Komarock sare na tarumbeta ni nani mwingine kama si sisi?

Leo nikawaonyesha akina mama wa kanisa. Wakapiga vigelegele, wakaniombea safari.

Halafu Mama Phares, "Ngoja kwanza. Hawa wamebeba nini mkononi?"

Pombe, Nzembi. Magilasi makubwa ya pombe. Na mimi ndiye naongoza maombi ya kuwaombea walevi waache pombe.

Nikampigia Celine. Anacheka tu. "Mama, kila kijiji kina sherehe yake. Wewe utakunywa soda."

Kila kijiji, Nzembi.

Jumapili nasimama mbele ya kanisa nijieleze. Nikisema naenda, wananivua sare. Nikisema siendi, mtoto wa Celine nitambeba lini?

Usiniambie niombe. Nimepiga magoti sasa hivi, nikajisikia naimba ule wimbo wa tarumbeta wa kwenye video.