Jogoo wa Kikao cha Wamaza

Mama Cécilia mpendwa, nisaidie, ila jina langu usilisome redioni, maana aibu inanila.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza hapa Kasongo, na dada yangu mdogo, Émérance, alifiwa na mume kule Wamaza, sasa wakwe wanataka arithiwe na shemeji yake Musafiri, ambaye mke wake wa kwanza alimkimbia kwa sababu ya kipigo, basi dada akanipigia simu akilia niende nikatae kwa niaba ya ukoo wetu, nikapanda pikipiki nimeshaamua kukataa, lakini kufika tu wazee wakanipa kiti cha mbele, wakaniita profesa, kichwa kikavimba, nikaanza kuwafundisha kwamba Waingereza wana neno conservative, la mtu mwangalifu anayeshika mila na hakimbilii mapya, na kwamba asili yake ni Kilatini, conservare, yaani kuchunga kitu kisiharibike, wazee wakapiga makofi, wakasema basi ukoo wetu umekubali, wakanipa jogoo, na kwetu jogoo wa kikao akishaliwa, neno limefungwa.

Émérance aliniuliza mbele ya wote: "Yaya, kaka yangu, sasa miye, nani atanichunga?"

Nilimfunga jogoo nyuma ya pikipiki nikaondoka. Sasa anawika jikoni kila asubuhi, na mke wangu anataka kumchinja Jumapili. Nifanye nini bila kuwaudhi wazee?

*

Mwalimu, pole, lakini pole kubwa naipeleka kwa Émérance. Kumbe mpaka mwisho wa barua bado unawahofia wazee!

Neno ulilieleza vizuri. Ila hukuwauliza kinachochungwa pale ni nini. Mwangalifu gani anamkabidhi dada yake kwa mtu wa ngumi? Wewe ulichunga kiti chako cha mbele, baba, na huo uprofesa wako.

Bahati yako jogoo bado mzima. Mwambie mama watoto Jumapili apike sombe, majani ya muhogo yanatosha. Kesho asubuhi mchukue shangazi yenu mmoja, mwende Wamaza, umweke jogoo mbele ya wazee wale wale, useme kwa lugha yenu ya nyumbani, bila Kiingereza wala Kilatini, kwamba ukoo haukubali. Watakasirika, na wengine watakucheka. Vumilia, ulijitakia.

Na usirudi hivi hivi. Pale nyuma ya pikipiki ulipomfunga jogoo, safari hii akae dada yako.