Nyama ya Kipaimara

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi na wanangu tuko wazima hapa Biharamulo. Mgongo wako umepata nafuu? Na Baba bado anakwenda mwenyewe kukata ndizi huko Kirushya, au amekubali kusaidiwa?

Kwenye simu uliniuliza kwa nini mgahawa wangu ulifungwa, nikakwepa. Niliona aibu, Mama. Acha nikuandikie.

Jirani yangu Mama Kulwa, yule Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga, aliniomba nipike chakula cha kipaimara cha binti yake. Jumamosi jioni nilipika nyama ya ng'ombe, nikaiacha kwenye sufuria kubwa mpaka kesho yake. Jumapili kuni zilikuwa mbichi na wageni wameshatoka kanisani, nikaipasha juu juu tu, nikapakua. Haikunuka wala haikubadilika rangi. Watu walinisifu, wakaomba nyongeza.

Jumatatu asubuhi nikasikia pikipiki moja, kisha nyingine, zote zinaelekea kituo cha afya. Nilikwenda mbio. Watu wamelala hadi kwenye veranda, wanaharisha na kutapika. Wanaume ninaowajua kwa kubeba magunia wanashikwa mkono kwenda chooni. Mama Kulwa alikuwa amelegea, macho yameingia ndani, namwita haitiki. Nikajua nimemuua.

Muuguzi alimtafuta mshipa, akaukosa mara mbili, ya tatu akaupata. Maji ya dripu yakaanza kushuka. Mama, nilikaa pale nikimtazama mtu anarudi! Kwanza midomo ilipata unyevu, halafu vidole vikacheza. Saa saba mchana alifungua macho, akaniuliza, "Wageni walishiba?" Nililia mbele za watu.

Hakufa mtu, Mungu ashukuriwe. Bwana afya alipokuja kuufunga mgahawa nilimweleza yote. Akasema, "Vijidudu hivyo huvioni, wala huvisikii harufu. Nyama ikilala hivyo, vinazaliana humo humo. Pika siku ileile, watu wale ikiwa ya moto." Mpaka leo nikiosha sufuria ile naitazama ndani, nashangaa kitu kisichoonekana kililazaje mtaa mzima. Tena ilikuwa wiki ya kupanda mahindi. Maksai wa Mama Kulwa walisimama tu zizini, hakuna mwenye nguvu ya kuwaswaga. Mvua ya kwanza ikapita. Nusu ya shamba lake mwaka huu ni majani matupu.

Niliporuhusiwa kufungua, nilipika nikakaa. Watu wakapita wamegeuza nyuso. Siku ya tatu, siku ya gulio, akaja Mama Kulwa, amekonda, akaketi kwenye benchi la barabarani kabisa.

"Nipakulie."

"Dada, huogopi?"

"Umepika lini?"

"Asubuhi hii. Bado inatokota."

"Basi lete, nina njaa."

Akala taratibu, gulio zima linamtazama, kisha akaomba mchuzi tena. Mama, sijui moyo wa namna ile mtu anaupata wapi. Nilichota kwa upawa, nikamjazia sahani. Baadaye wanaume wawili wakaja wakaketi karibu naye.

Nisalimie Baba na mdogo wangu anayefundisha Kanazi. Na Shangazi wa Mabawe, mpishi wa misiba yote ya ukoo, msomee barua hii mara mbili.

Ni mimi mwanao, ninayekukumbuka kila nikiwasha moto,

Yustina