Wavu wa Obiero Dirishani

Nyalenda, Kisumu
9 Juni 2024

Mpendwa Mama Shiro,

Naomba msaada wako, na kabla ya kuomba nakushukuru, kwa sababu sauti yako redioni ndiyo iliyokaa nami jikoni tangu mume wangu Obiero aage dunia, maana nyumba ilikuwa imenyamaza sana. Obiero alikuwa fundi wa kushona nyavu ufuoni Usenge, na hata akija nyumbani aliketi mlangoni akashona nyingine huku amebana uzi kwa meno, akanifundisha na mimi fundo lake, akasema, "Achola, hili hata kiboko alivute halifunguki."

Baada ya mazishi nilirudi na wavu wake mmoja mkuukuu, umetoboka hata omena, wale dagaa wa ziwani, haushiki, nikauweka chini ya kitanda, na kila nikifagia naugusa nalia. Kisha nikaona jirani yangu Magdalene ametundika mimea kwa vikapu vya dukani, vizuri sana ila siviwezi, nikajiambia uzi ninao na fundo ninalijua. Nikaufua ule wavu mpaka harufu ikaisha, nikaukata, kila kipande nikakifunga kama kifuko, ndani nikaweka mikebe ya mafuta ya kupikia, nikavitundika dirishani, na Magdalene, Mungu ambariki, akanikatia mimea yake bure, mmoja ni ule unaoteremsha watoto wake hewani. Mama Shiro, dirisha limekuwa kijani, naamka asubuhi namwagilia kwanza ndipo nakumbuka chai, na juzi nilijisikia naimba.

Lakini shemeji yangu Odongo alipita, akasimama mlangoni akatazama juu.

"Shemeji, huo si wavu wa ndugu yangu?"

"Ndio."

"Umekata vitu vya marehemu kabla mama hajavigawa? Aje akute mtoto wake amefanywa pazia?"

Kwetu vitu vya marehemu hugawanywa mama yake akiwepo, nami najua, lakini nilidhani ni vya maana, kama viatu na baiskeli, wavu uliotoboka sikuuhesabu. Mama mkwe anakuja Jumapili. Siku ya mazishi yeye ndiye aliyenishika mkono mpaka mwisho, naogopa kumpoteza yeye pia. Niteremshe vyote nikavifiche kwa Magdalene, au niache avione?

Wako,
Achola

*

Achola dada yangu,

Pole, na pole tena. Sasa nikugombeze. Desturi uliijua ukairuka kwa sababu wavu ulikuwa na matundu. Nani alikwambia mama hupima vitu vya mtoto wake kwa ubora? Kama ni soksi moja tu imebaki, anaitaka. Ila Odongo naye, kama ananisikia, apunguze sauti. Mtu akija kumtazama mjane huanza na salamu, haanzi na kukagua dirisha.

Usifiche kitu. Utaficha vifuko, na midomo ya Odongo utaificha wapi? Mpigie mama simu leo, usingoje Jumamosi. Sema, "Mama, nimeukata wavu wa Obiero bila kukuuliza, nisamehe." Halafu nyamaza. Akilia, mwache alie. Usianze kumsifia majani.

Kama kuna kipande kilichobaki, hata cha kiganja, kifue ukikunje, ni chake, yeye ndiye ataamua. Kama hakipo, achague kifuko chochote aende nacho, na asichague kwa kukuonea huruma: mwache peke yake hapo dirishani.

Na hiyo mikebe uitoboe chini. Itundike kwenye mbao, usiitundike kwenye mabati, wala usiitundike juu ya kiti atakachokalia, maana maji yakimdondokea kichwani hata mimi sitakutetea. Tena acha kumwagilia kila siku, utaozesha mizizi. Tia kidole kwenye udongo, ukiwa mkavu ndipo umwagilie. Asubuhi nyingine iimbie tu.

Mlichofanya wewe na Magdalene ni kizuri, nimefurahi mpaka nimemsomea mwenzangu hapa studioni. Lakini uzuri wake hautatosha bila ruhusa ya huyo mama.

Mama mkwe wangu kule Nyeri ametangulia mbele za haki, na namba yake sijaifuta mpaka leo. Ya mama mkwe wako bado inapokelewa. Piga, Achola. Na mkishasalimiana, mwambie kuna Mama Shiro mjini Kisumu, anaomba amkumbuke katika sala zake.