Ng'ombe Uliyemrudisha Ili Nipokelewe Chuoni

Mpendwa Mama,

Wiki ijayo nitakaa upande wa pili wa ile meza. Jana Bibi Mkuu wa chuo aliniita ofisini kwake, akaniambia mwaka huu nifuatane naye kutoka hapa Iringa mpaka Mbeya, tukawahoji wasichana wanaoomba ualimu, kwa kuwa mimi ni mwalimu niliyezaliwa huko na lugha ya nyumbani naijua. Nikajibu, "Ndiyo, Bibi Mkuu," nikatoka, nikaja moja kwa moja chumbani kukuandikia wewe ambaye huna tena anwani. Nina hasira, Mama. Nilidhani imekwisha, kumbe ilikaa tu ikingoja niitwe mezani.

Unaikumbuka safari yetu ya kwanza ya Iringa? Nilikuwa nimefaulu darasa la nane. Mwalimu wetu alisema kuna chuo cha wasichana, lakini ulipomwuliza wanataka nini ili wampokee mtu, alikuna kichwa. "Nendeni mkaulize wenyewe," akasema, kana kwamba Iringa iko nyuma ya jiko. Ulivaa viatu vya marehemu Baba, ukavijaza majani makavu ya migomba visikuvuke. Tukapanda lori lililobeba mpunga wa Rujewa, wewe juu ya magunia umekumbatia mkungu wa ndizi wa kumpa mkubwa wa chuo. Huwezi kwenda kuomba mtoto wako apokelewe huku umekwenda mikono mitupu, ulisema. Vumbi la Usangu lilitupaka mpaka kwenye kope, na baridi ya usiku ikamalizia kazi.

Karani wa chuo aliutazama ule mkungu, akatutazama sisi. "Hapa hatupokei ndizi, mama. Tunapokea vyeti."

"Vyeti gani, baba?"

"Cha darasa la nane na cha ubatizo."

Tulirudi Mbeya, tukavipata, tukaja tena. Yule yule karani akavipokea, akavigeuza nyuma na mbele, kisha akauliza ziko wapi barua ya mchungaji na cheti cha daktari. Ukamwuliza kwa upole, upole ule wako ambao sisi watoto tulijua unafuatwa na kofi, mbona hakusema mara ya kwanza. Akajibu bila kuinua macho, "Hamkuuliza."

Neno hilo nimeishi nalo, Mama. Mtu atauliza vipi kitu asichojua kwamba kipo? Tungejua kuuliza, tungekuwa tumeshasoma hicho chuo. Wangebandika masharti yote mlangoni siku moja, yakasomwa, basi, kila mtu akajua aende ama alale. Lakini la, sharti lilitolewa moja moja, kama mtu anavyowatupia kuku mahindi, na kila moja lilitaka lori.

Halafu ukaja umri. Kitabu cha kanisa kilionyesha siku niliyobatizwa tu, na wao walitaka siku niliyozaliwa. Ukaeleza vizuri kabisa kwamba nilizaliwa nzige walipokuwa wamemaliza majani ya migomba, kabla hayajachipua mengine. Karani akaweka kalamu chini. "Nzige hawana tarehe, mama." Tulipofika nje ulicheka mpaka ukashika ukuta, nami nikacheka kwa sababu wewe ulicheka, lakini moyoni nilitaka kulia. Mchungaji ndiye aliyekaa chini akakadiria, na siku aliyoichagua ndiyo siku yangu hadi leo.

Ilipokuja habari kwamba nimekubaliwa kuhojiwa, na kwamba Bibi Mkuu mwenyewe, huyu huyu wa leo, angekuja bomani Mbeya kutuona, tulidhani masharti yamekwisha. Ulimwimbia Mungu shambani. Mimi nilifua gauni la shule nikalitandika chini ya mkeka, nikalilalia ili linyooke.

Hatukuwa tumefikiria habari ya ng'ombe. Yule mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji, aliyeletwa na akina Andulile, kijana aliyeniposa, baada ya Baba mdogo kukubali posa. Tangu siku alipofungwa uani kwetu, baba yake Andulile alikuwa mkwe wangu, na wewe ndiwe uliyenifundisha mkwe anavyoheshimiwa kwetu Wanyakyusa: sisimami alipo, simtazami, simjibu, jina lake halipiti mdomoni mwangu. Nikimwona njiani naingia migombani na kujifunika kanga mpaka apite. Wachungaji walishasema si lazima kwa Mkristo, lakini hao wachungaji nao wake za watoto wao walikuwa wakijificha. Nilikuwa nimeijua kanzu yake na mlio wa baiskeli yake. Uso wake sikuujua.

Basi siku ile nikaitwa, nikaingia. Bibi Mkuu alikaa katikati, kushoto mwalimu mmoja kutoka Iringa, na kulia, kwa niaba ya wazee wa wilaya, amekaa mtu mwenye kanzu ile. Mkwe wangu, karani wa baraza! Walikuwa wamemchukua asubuhi hiyo hiyo kwa sababu aliyepangwa alikuwa mgonjwa. Mama, sikufikiri. Miguu ndiyo iliyofikiri. Nilijifunika kanga kichwani, nikageuka, nikajikuta nje nimejibanza nyuma ya tangi la maji la boma. Yeye naye, nilikuja kuambiwa, alikuwa ameugeuza uso dirishani akikohoa. Angemweleza Bibi Mkuu, yule Mzungu, lakini angemwelezaje habari za mkwe wake bila kumtaja mkwe wake?

Uliingia wewe kueleza. Nilisikia kila kitu kupitia dirishani. Bibi Mkuu hakuwa mtu mbaya, alikusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kusomea, "Mwalimu anayekimbia baba za watoto atafundishaje watoto?" Ukamwomba yule mzee atoke kidogo tu. Akasema mwombaji husimama mbele ya meza nzima, ndiyo kanuni, na meza haipunguzwi. Ukamwuliza kanuni hiyo iliandikwa wapi, kwa nini hatukuambiwa. Akafunga daftari lake. Halafu akasema wapo bomani hadi kesho, na kesho kama nitaweza kusimama, nisimame.

Tulipanda vilima vya kwetu kurudi nyumbani. Jioni ulinipa kande, ukaniambia, "Lala, kesho tunaamka mapema." Ukatoka. Nilidhani umekwenda kwa Baba mdogo kuomba shauri.

Asubuhi bomani mzee, aliyekuwa amelala huko huko, alikuwa amesimama kwenye baraza, akingoja wenzake. Nilikwishaanza kutafuta tangi langu la maji, wewe ukanikamata mkono kwa nguvu ambayo sikuijua. Ukamwita kwa heshima, "Baba Andulile." Ukasema, "Ng'ombe wako nimemfunga uani kwako jana, mke wako amempokea. Huyu si mkweo tena. Ni mtoto wa watu, mwulize maswali."

Hivyo ndivyo nilivyojua, Mama. Pale, nikiwa nimeshikwa mkono, pamoja na yeye na askari wa mlangoni.

Uliniuma, tena uliniuma sana. Mwanamke gani kwetu aliwahi kumswaga ng'ombe wa mahari peke yake, kabla giza halijaingia, kupita mbele za watu wote, amrudishe kama sufuria aliyoazima? Baba mdogo alikasirika hata akaacha kula kwako mpaka ulipougua. Na maziwa ya yule ng'ombe ndiyo yaliyokuwa yakiwalisha wadogo zangu. Hayo yote nayajua, na ndiyo maana kukukasirikia ni kazi ngumu hivi.

Niliingia. Nikasimama. Nilimtazama usoni kwa mara ya kwanza: mzee mwenye nyusi nene, na pengo la jino mbele, na macho ya Andulile kabisa. Macho yale yale, yamezeeshwa tu. Akaniuliza kwa nini nataka kufundisha. Aliuliza akiitazama meza, Mama, hakuinua uso hata mara moja. Mimi nilikuwa nimeachishwa kuwa mkwe, yeye alikuwa bado ananiheshimu. Nikajibu kwa sauti, kama ulivyoniagiza. Bibi Mkuu akafurahi, akaandika. Akamgeukia mzee amwulize maoni yake, naye akasema, "Anafaa," akatoa leso.

Nilipokelewa. Siku ile hukulala kwa furaha, ulizunguka nyumba kwa nyumba hata kwa wasiotaka kusikia. Andulile alioa mwaka uliofuata, msichana wa Tukuyu, na sina neno naye. Ila sikuwahi kukuambia kwamba nilimpenda. Si kwa sababu ya ng'ombe wala ya Baba mdogo. Alikuwa ananichekesha kanisani tukiwa katika kwaya, nami nilitamani nizeeke nikichekeshwa vile. Wewe ulijua ndoa ni posa iliyokubaliwa, kwa hiyo ukaona unalipa kitu chako. Kumbe kilikuwa na changu ndani.

Sasa nimwambie nini msichana atakayesimama mbele yangu wiki ijayo? Leo asubuhi nilirudi kwa Bibi Mkuu nikamwambia nitakwenda Mbeya kwa sharti moja. Aliinua kichwa, hajazoea kupewa masharti. Nikamwambia kila msichana, kabla hajaitwa ndani, nimfuate nje nimwulize kama kuna mtu mezani ambaye kwa desturi ya kwao hawezi kusimama mbele yake, na akiwapo, mtu huyo atoke. Aliigeuzageuza kalamu mkononi. Akasema hakuna aliyewahi kumwomba hivyo. Nikamwambia yupo mmoja, alikuja na viatu vikubwa vya mumewe, akakataliwa. Akaangalia chini. Kisha akasema sawa, nitakuwa nauliza.

Kwa hiyo nitauliza, Mama. Kazi yangu mpya ni hiyo, kuuliza. Karani wa Iringa alisema hatukuuliza, Bibi Mkuu hakuuliza, Baba mdogo alipokea ng'ombe hakuuliza, na wewe, uliyenipenda kuliko wote hao, jioni ile ulinipa kande ukaniambia nilale.

Najua ningekujibu nini. Kila nikiingia darasani nikaona watoto wamesimama kunisalimu, jibu ni lile lile. Ningekuambia mrudishe. Ningelia, lakini ningesema mrudishe, tena ningeishika kamba mwenyewe, tukamswaga sote wawili.

Ungeniuliza tu, Mama.

Pumzika salama huko migombani ulikolala. Nikifika Mbeya nitapanda kilima nije nipalilie kaburi lako, hasira nikiwa nayo au sina.

Ni mimi mwanao, mwalimu wako,
Sekela