Pasi Pana

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kikohozi kimekuachia nafasi ya kulala. Goti la Mama nalo linaendeleaje? Sisi huku wazima, tena mimi nimenenepa kwa furaha tu.

Baba, miezi minne ya ndoa na bado moyo unanidunda nikisikia funguo za mume wangu mlangoni! Ananiita Noti ya Juu, eti nikinong'ona jikoni nasikika hadi barabarani. Asubuhi haniamshi kwa jina. Hupiga noti moja ya piano, ile ya juu kabisa, akasubiri nicheke.

Zile pasi tatu ndogo ulizotuzawadia siku ya harusi amezitundika juu ya meza ya kazi: nyembamba, ya wastani na pana. Huzifuta kama vijiko vya wageni. Hajawahi kukaza sufu ya nyundo zinazogonga nyaya za piano kwa pasi ya moto bila kuijaribu kwanza kwenye karatasi, kama ulivyomfundisha: karatasi ikibadilika rangi, subiri.

Ndiyo maana siku uliyokuja kuikagua piano ya mwalimu wa kwaya, iliyoletwa kwetu kutengenezwa, nilitamani ardhi inimeze. Ulipiga noti za juu zikalia kama vijiko kwenye sinia, ukachungulia ndani ukaona sufu imeungua. Ukamwambia mume wangu kwamba mikono yake ni ya kubeba zege, na kwamba karakana yako hutamwachia mtu asiyejua kuchagua pasi. Akainamisha kichwa, akaomba msamaha, akasema aliteleza. Mimi nilikuwa nimesimama na birika. Nikamimina chai, Baba. Nikakuuliza sukari vijiko vingapi.

Hakuteleza. Siku sufu ilipoungua hakuwepo kabisa, alikwenda kununua nyaya. Ni mimi. Nilitaka arudi akute kazi imeisha, anikumbatie. Nikachukua pasi pana kwa nyundo zile ndogo za juu ili nimalize upesi, na karatasi sikuigusa. Mimi, niliyekulia chini ya meza yako! Aliporudi alinusa harufu, akafungua dirisha, akairudisha pasi pana mahali pake. Tangu uondoke hajazishika zile pasi. Jana nilisikia ameomba kazi kwa muuza magodoro.

Usimnyime karakana kwa kosa langu, Baba. Ukitaka kukasirika, nikasirikie mimi, nimestahili. Leo nimeipasha ile pana nikaigusisha pembeni mwa barua hii. Hiyo alama ya kahawia si chai. Ilinganishe na makovu ya nyundo zile. Utaona ni pasi ambayo yeye asingeichagua hata usingizini.

Mpe Mama salamu, umwambie goti asiache kulikanda. Mkweo hajui kama nimekuandikia. Akijua, atasema hata barua kaiandika yeye.

Mwanao mwenye haya,
Kinyundo